Irabu

Nyumba hii ya Sib ilipokuwa haijajaa mashine za baridi
Mama alinikalisha jikoni, akamwaga unga kwenye sinia,
akaandika kwa kidole mim, kisha ta.
"Soma." Sikuweza. Herufi zilikuwa uchi.
Akatia dhuma juu: mtu.
Akaifuta, akatia kasra chini: mti.
"Umeona? Herufi ni zile zile.
Mwenye maneno ni haka kadudu."

Sasa Bi Thuweiba binti Khalfan ana miaka themanini na moja
na mimi ananiita Salha,
dadaye aliyezikwa Wete kabla sijazaliwa.
Miwani huilaza ndani ya friji.
Lakini thubutu utie nyanya kwenye mchuzi wa papa!

Daktari Sunitha alinichorea nyuma ya karatasi ya dawa
ngazi iliyojisokota,
akaidonoa vinukta pembeni.
Jeni, alisema, unazaliwa nazo na unazikwa nazo,
ila juu yake hubandikwa alama,
hii inafungua, hii inafunga,
na chakula kina mkono wake humo:
majani, kunde, samaki,
au sukari, au njaa.
Nikacheka. Akanisogezea karatasi za kufutia machozi.

"Kwa hiyo ni halwa?"
"Huenda."

Huenda. Neno linalotembea mchana kutwa
na halifiki.
Wamewapima panya, wamewapima mapacha,
wamehesabu vinukta katika damu ya wazee,
na bado hakuna wa kunishika mkono anionyeshe
ni kisahani kipi, cha Idi ya mwaka gani,
kilichomwondoshea Mama jina langu.

Usiku napiga hesabu peke yangu.
Mwaka wa vita, mchele ulipokosa meli,
bibi alikuwa na Mama tumboni
akila mhogo mkavu bila kitoweo.
Nukta ya kwanza, huenda, iliwekwa hapo, gizani.
Kisha utoto wa mchicha, boga, dagaa,
na kisima kilichokuwa mbali.
Kisha huku: chai ya maziwa ya kopo, vijiko vitatu,
wali wa samli, soda ya rangi ya chungwa,
gari mpaka mlango wa duka,
na sisi watoto tukijigamba kwa jirani
kwamba Mama hatoki jasho tena.

Maji yamemwagika, najua. Napika hivyo hivyo.
Mchicha wa nazi, mbaazi, jodari wa kuchoma na ndimu.
Mundhir, mwanangu, anavuta pua: "Chakula cha wagonjwa."
Anabonyeza simu, na mkate wake wenye nyama
unafika na pikipiki kabla sijaepua chungu.
Namtazama akitafuna.
Ana miaka kumi na sita. Wino wake haujakauka.

Jana nilimwaga unga wa chapati kwenye sinia.
Kidole cha Mama kikaenda chenyewe:
mim.
Ta.
Kikasimama hewani.
Nikangoja dhuma. Nikangoja kasra.
Mashine ya baridi ikavuma, ikazima, ikavuma.
Akaushusha mkono, akaupangusa kwenye kanga,
akauliza halwa imefichwa wapi.
Nikampa. Ncha ya kijiko tu.

Mundhir akapita, akachungulia sinia.
Kiswahili chake cha kuokoteza; aliisoma Kiarabu.
"Nani ameandika *kufa*?"

Hapana, nikamwambia, usiguse.
Haijatiwa irabu.